Kamati ya Kitako

Wananchi wa Mossy Fork, pamoja nanyi mnaopita hapa kwetu kwa sababu tu barabara kuu imefungwa: kwa heshima na taadhima natangaza kwamba bunduki ya kijiji imepata kitako kipya. Kazi hiyo, ambayo fundi wa kawaida angeimaliza kabla kahawa yake haijapoa, imekamilika kwa miezi kumi na miwili tu. Haijapata kutokea kusini mwa Ohio serikali ya kijiji ikazishughulikia skrubu tisa kwa umakini wa namna hii.

Mimi ni Wendell Krebs, Katibu wa Kijiji, mwaka wa kumi na tisa sasa. Mihtasari yote ya jambo hili ni ya mkono wangu. Naona ni vema nieleze lilivyokwenda, kwa sababu maneno yamezidi, hasa pale mgahawani asubuhi, na sehemu kubwa ya maneno hayo inahusu shavu la Meya.

Bunduki yenyewe tunayo moja. Ni bunduki fupi, nyeusi, nzito kuliko inavyoonekana, na ilinunuliwa na utawala uliopita kwa kuwa ndiyo iliyokuwa rahisi kuliko zote dukani. Watu wenye bunduki za maana wakiiona hucheka mpaka waegemee magari yao wasianguke. Mmoja alisema inafanana na mashine ya kutobolea kuta iliyokosea njia. Hata hivyo inapiga. Ukiiambia ipige, inapiga, na hilo hata wanaoicheka hawakatai. Tatizo halikuwa kupiga. Tatizo lilikuwa kitako, ile sehemu ya nyuma unayoiegemeza begani na kulaza shavu juu yake. Cha kwetu kilikuwa cha plastiki, vipande viwili vilivyobanwa pamoja, na umri ulikuwa umekifikia.

Anayeibeba bunduki hiyo ni Rhonda Sipes. Yeye ndiye askari wetu, na ninaposema askari wetu namaanisha kikosi chote. Ni mwanamke wa miaka arobaini na mitatu, mrefu, mpole wa maneno, anayetafuna ubani wa mnanaa toka asubuhi mpaka jioni. Huku kwetu majambazi ni wachache. Kazi kubwa ya bunduki ya kijiji ni kulungu waliogongwa na magari, wale waliovunjika miguu na kubaki wanahema kando ya barabara, na rakuni, wale wanyama wadogo wenye mikia ya mistari, waliopata kichaa cha mbwa. Ni kazi ambayo kila mtu anataka ifanywe na hakuna anayetaka kuiona.

Basi Jumatatu moja ya mwezi wa tisa Rhonda akaja dirishani kwangu. Alikuwa na plasta shavuni.

"Katibu, kitako kimepasuka," akasema. "Nikipiga, ufa unafunguka. Halafu unajifunga, na shavu langu liko ndani."

"Ndani ya nini?"

"Ndani ya ufa, Wendell."

"Kwa hiyo unadai mali ya serikali inakung'ata."

"Sidai kitu. Naomba nibadilishe kitako. Vipya vinauzwa, vinaingia bila shida, skrubu tisa basi. Nipe ruhusa, nakifunga saa ya chakula cha mchana, na chakula chenyewe nakula."

Mtu ambaye hajakomaa kiutawala angesema sawa. Mimi nilimpa fomu. Kwa kuwa hatukuwa na fomu ya vitako, nilimpa iliyokuwa karibu zaidi, Maombi ya Kurekebisha Jengo la Umma. Rhonda akasimama pale pale akaijaza. Mahali pa kuuliza jengo lina ghorofa ngapi, aliandika sifuri. Mahali pa kuuliza vyoo, aliandika hakuna. Nikaipokea, nikaigonga muhuri, nikaipeleka kwa Meya.

Meya wetu ni Dwight Ostrander. Kabla ya siasa aliuza nyumba za kukokotwa na lori, na tabasamu lile la kuuzia nyumba hajalirudisha mpaka leo. Aliisoma fomu mara mbili.

"Wendell," akasema, "leo ni kitako. Kesho itakuwa nini?"

"Pengine mkanda wa kuibebea, Mheshimiwa."

"Umeona! Serikali si karakana. Lazima pawe na mchakato."

Hivyo ndivyo ilivyozaliwa Kamati ya Kitako. Mwenyekiti aliteuliwa Bi. Beverly Ott, aliyewahi kuongoza kwaya kwa mafanikio. Kwamba yeye ni shemeji yake Meya ni jambo lisilohusiana na uteuzi huo, na ndiyo maana halimo katika muhtasari wowote.

Kamati ilikaa kitako kwa mara ya kwanza mwezi wa kumi. Ajenda ilikuwa moja, lakini Bi. Beverly alianza kwa kuhoji kama neno lenyewe linafaa kutamkwa mbele ya bendera. "Mimi ni mama wa watu," akasema. "Siwezi kuandikwa kwenye kumbukumbu za kijiji kwamba nimekaa saa mbili nazungumzia kitako." Baada ya majadiliano marefu ilikubaliwa kwamba toka siku hiyo kitu hicho kiitwe Egemeo la Nyuma la Silaha ya Umma, kwa kifupi ENSU. Kikao kikafungwa kwa sala. Kikao kilichofuata kilitumia saa nzima kuulizana ENSU ni nini.

Mwezi wa kumi na mbili tuliomba ushauri wa mwanasheria. Swali lilikuwa zito: bunduki iliyobadilishwa ENSU, je, ni bunduki ile ile, au ni bunduki mpya iliyoingia kijijini bila kupigiwa kura? Mwanasheria alituletea kurasa kumi na moja. Ukurasa wa mwisho ulisema: inategemea. Tuliupokea ushauri huo kwa makofi.

Mwezi wa pili ilikuwa zamu ya rangi. Rhonda aliitwa kutoa maoni ya kitaalamu.

"Nyeusi," akasema.

"Kwa nini nyeusi?" akauliza Bi. Beverly.

"Ndiyo wanayouza."

"Hiyo si sababu, dada. Hiyo ni hali ya soko."

Rhonda akahamishia ubani wake shavu la pili. "Bi. Beverly," akasema, "mngekifanya hata cha maua. Mimi nataka kisichoning'ata."

Wiki mbili baadaye kasha likaja ofisini kwa posta. Rhonda alikuwa ameagiza kitako kwa pesa yake mwenyewe. Nilishtuka, sitaficha. Nikampelekea Meya, naye akaona mara moja hatari iliyokuwamo. Mtumishi anaipa serikali kitu. Kwa nini? Ili kuishawishi. Kuishawishi ifanye nini? Ibadilishe kitako! Hiyo, akasema Meya, kwa lugha nyepesi ni rushwa. Nililifunga lile kasha kwa utepe, nikaliandika Kielelezo A, nikaliweka kabatini pamoja na karatasi za kuchapia.

"Wendell," Rhonda akaniambia mlangoni, "kile ni kitako. Kiko pale. Bunduki iko kwenye gari. Katikati ni mimi na bisibisi. Hivi unalala usingizi?"

Nilimjibu kwamba nalala vizuri sana. Wakati ule ilikuwa kweli.

Lazima sasa niseme juu ya kulungu wa mwezi wa tano, ingawa katika ripoti rasmi ana nusu mstari. Aligongwa na lori mbele ya shamba la Mwalimu Opal Truax. Mwalimu Opal ana miaka themanini na moja. Alifundisha darasa la tatu katika kijiji hiki hata baada ya sisi wanafunzi wake kuwa na wajukuu, na alitufundisha Meya na mimi mwaka mmoja. Ndiye aliyempigia simu Rhonda. Kulungu alikuwa jike, amevunjika miguu ya nyuma, anajaribu kujikokota kurudi porini. Rhonda akalenga, lakini alikuwa ameinua uso kidogo kukwepa ufa, na risasi ya kwanza haikumaliza kazi. Mnyama akapiga kelele. Basi Rhonda akalaza shavu kabisa, sawasawa, kama inavyotakiwa, akapiga ya pili. Kulungu akatulia. Rhonda akabaki amesimama, damu inatiririka kutoka chini ya jicho mpaka kwenye beji.

Alishonwa nyuzi nne. Daktari alisema nusu inchi juu zaidi na tungekuwa tunazungumzia jicho.

Jioni hiyo hiyo Mwalimu Opal aliingia kwenye kikao cha kamati bila kubisha, na taulo lenye damu mkononi.

"Dwight," akasema, "huyu mtoto wa watu atapofuka, na nyinyi mko hapa mnachagua rangi?"

"Mwalimu, rangi tulishapitisha," akajibu Meya kwa upole. "Sasa hivi tuko kwenye hadidu za rejea."

"Hadidu zenu za rejea zitaliokoa jicho lake?"

"Tunasikitika kwa yaliyompata Afande. Tutafanya uchunguzi huru."

"Nani ataufanya?"

"Beverly."

Uchunguzi ulifanyika. Bunduki ililazwa juu ya meza, juu ya kitambaa safi, na kamati ikaizunguka ikaitazama kwa dakika kumi. Hakuna aliyeigusa. Ufa haukuonekana. Rhonda alieleza kwamba unafunguka bunduki inapopigwa tu, na hili ndilo lililommaliza. Kama ufa hauonekani bunduki inapokuwa imetulia, akasema Bi. Beverly, na unaonekana anapoishika Rhonda, basi unaletwa na nani?

Wajumbe wote wakamgeukia Rhonda. Walikuwa na nyuso za watu waliogundua kitu.

Kamati ikahitimisha kwamba tatizo halikuwa la ENSU bali la shavu. Rhonda akaandikiwa Mafunzo ya Uwekaji Shavu, yaliyotolewa na Bi. Beverly mwenyewe, ambaye hajawahi kupiga bunduki na kwa hiyo hakuwa na mazoea mabaya. Mwongozo wa mafunzo niliuandika mimi. Najivunia sentensi moja humo: "Shavu lilale juu ya egemeo kama mtoto mchanga juu ya mto, bila wasiwasi na bila kinyongo." Rhonda aliusoma wote, akaukunja, akautia mfukoni.

Kisha ikapitishwa Kanuni ya Sita. Nayo niliiandika mimi, na Meya aliniambia niibane isiwe na mwanya hata wa sindano kupita: "Mtumishi yeyote wa kijiji, wa cheo chochote, atakayejeruhiwa na ENSU atahesabiwa kuwa amejijeruhi mwenyewe na kuchafua jina la mali ya umma, na atasimamishwa kazi siku thelathini kuanzia siku ya kazi inayofuata." Kila mtu alijua imeshonwa kwa kipimo cha nani. Kulungu wa vuli walikuwa njiani. Rhonda angepiga risasi moja tu, naye angekuwa nje. Na baada ya siku thelathini, Meya aliniambia pembeni, kijiji kingekuwa kimezoea kukaa bila askari, na kijiji kisicho na askari hakina malalamiko ya askari.

Lakini kijiji kilikuwa kimeanza kunung'unika. Mgahawani walikuwa wakinisalimia kwa kujifinya mashavu. Mtu asiyejulikana alibandika plasta kwenye picha ya Meya iliyoko posta. Meya akaona ni wakati wa uongozi wa mfano. Akatangaza kwamba Jumamosi saa nane mchana, kwenye machimbo ya mawe ya zamani, yeye mwenyewe atapiga mtihani wa mwaka wa shabaha, risasi ishirini, kwa bunduki ile ile na ENSU ile ile, mbele ya wananchi wote, ili uzushi ukome.

Walikuja karibu watu mia mbili. Akina mama wa kanisa walileta masufuria mawili ya maharage na nyama ya pilipili na mkate wa mahindi. Kila mmoja alipewa viziba masikio. Meya alikuwa amevaa koti jipya la kuwindia ambalo bado lilikuwa na mikunjo ya dukani.

Rhonda akaikagua bunduki, akampa, kisha akainama karibu naye. Mimi nilikuwa nyuma yao na daftari, nilisikia vizuri.

"Meya, sikiliza. Usilaze uso. Uinue kidogo tu. Hutalenga vizuri, lakini hakitakushika. Au ngoja niweke utepe hapa, ninao."

"Afande," akasema Meya kwa sauti ya kusikika na wote, "mwongozo unasema shavu lilale."

"Mwongozo ameuandika Wendell."

"Na ni mwongozo mzuri."

Rhonda akaurudisha utepe mfukoni, akasogea pembeni.

Meya akalaza shavu. Akapiga. Akatoa sauti fulani. Katika daftari niliandika: "Meya alitoa sauti ya kuridhika."

"Moja!" akaita Mwalimu Opal, aliyekuwa amekaa mbele kwenye kiti cha kukunja, na blanketi magotini.

Ya pili Meya alipiga haraka, kama mtu anayeruka dimbwi. Ya tatu ilimtoa machozi jicho moja. Baada ya ya nne aligeuka kutupungia mkono, na tukaona tabasamu limebaki upande mmoja tu wa uso. Upande wa pili ulikuwa na shughuli nyingine.

"Vipi, Mheshimiwa?" mtu akauliza kutoka nyuma. "Kuna uzushi wowote hapo?"

"Hakuna!" akasema Meya. "Raha tupu!"

Ya tano. Ya sita. Damu ilishuka taratibu mpaka kwenye kola ya koti jipya. Watu waliokuwa wanatafuna waliacha kutafuna. Baada ya ya saba Meya akaishusha bunduki mezani kwa uangalifu mkubwa.

"Ndugu wananchi," akasema, "nadhani ushahidi umejitosheleza."

"Mtihani ni ishirini, Dwight," akasema Mwalimu Opal.

"Mwalimu, kwa kuokoa risasi za umma..."

"Ishirini. Rhonda anapiga ishirini kila mwaka. Mwaka jana alizipiga zote na kile kile kitako, nilikuwepo. Au shavu lako limeumbwa kwa udongo wa bei mbaya?"

Watu wakaanza kucheka. Rhonda hakucheka. Alimtazama Meya, na nadhani alikuwa mtu pekee pale machimboni aliyemwonea huruma, kwa sababu ndiye peke yake aliyejua.

"Mwacheni, Mwalimu," akasema. "Ameshaelewa."

Nina hakika kama asingesema hivyo mambo yangeishia hapo. Lakini Meya wetu ni mtu wa kujivuna.

"Sijaelewa chochote!" akafoka. Akainyakua bunduki, akalaza shavu kwa nguvu, akapiga ya nane.

Hiyo sikupata neno la kuiandika. Aliirudisha bunduki mezani, hilo namsifu, kisha akakaa chini kwenye changarawe na mkono shavuni. Rhonda alifika na mkoba wa huduma ya kwanza kabla ya mtu mwingine kusogea. Akamsafisha, akamwekea pamba, akamwambia abonyeze.

"Badilisheni," Meya akasema chini kwa chini.

Nikapiga magoti karibu yake na daftari. Naapa haikuwa kwa ubaya. Ni mazoea ya miaka kumi na tisa. "Mheshimiwa," nikasema, "hoja ya kubadilisha lazima iwe na sababu. Safu haiwezi kubaki wazi."

"Sababu unaijua."

"Kamati imeshaamua kwamba ufa haupo. Siwezi kuandika ufa."

"Inauma," akanong'ona.

"Hatusikii huku!" wakapiga kelele watu wa nyuma.

"ENSU inauma!" akasema Meya.

"Nani?"

"Ensu ndiye nani? Mbwa?"

"Ni yule mwanasheria, nadhani."

Meya akanyanyuka, pamba imeganda shavuni, uso mwekundu, akapaza sauti mpaka ikagonga ukuta wa machimbo na kurudi: "KITAKO! KITAKO KINAUMA!"

Na ukuta ukajibu: kinauma.

Sijawahi kusikia watu wakicheka vile. Mama mmoja wa kanisa alilazimika kuliweka chini sufuria. Bi. Beverly alikuwa ameziba uso kwa mkoba. Nilimwendea kwa sababu hoja inahitaji mtu wa kuiunga mkono, na Mwalimu Opal akapendekeza kwamba kama Mwenyekiti ana mashaka yoyote, risasi kumi na mbili bado zipo. Bi. Beverly aliiunga mkono hoja kabla Mwalimu hajamaliza kusema.

Nikaendesha gari mpaka ofisini nikaleta kasha. Rhonda akafungua mlango wa nyuma wa pikapu yake, akatandika gunia, akatoa risasi zilizosalia, akakagua mara mbili kwamba bunduki ni tupu, akaanza kazi. Skrubu tisa, moja moja, akizipanga kwenye kifuniko cha kopo. Vile vipande viwili vikaachana. Akainua sehemu ya chuma, akaifuta, akailaza ndani ya kitako kipya, akafunika, akakaza. Sufuria la pili la maharage lilikuwa bado halijafika nusu.

Kitako cha zamani kilibaki kwenye gunia, nami nikakichukua nikitazame. Sikuwa nimewahi kukishika. Ndani ya ufa palikuwa na damu mbichi ya Meya, lakini chini yake palikuwa na nyingine, nyeusi, iliyokauka, tabaka juu ya tabaka, na nyuzi za utepe wa zamani, na unywele mmoja mrefu wa kahawia. Nikapitisha kidole. Plastiki ikafunguka ikanibana. Kidogo tu. Nikaruka kama mtu aliyeumwa na nyuki.

"Kimeanza lini hiki?" nikamwuliza Rhonda.

"Msimu mzima kabla sijaja dirishani kwako."

"Sasa mbona hukuja mapema?"

"Nilidhani nitazoea," akasema. Akaingiza risasi tano, akalaza shavu lenye kovu juu ya kitako kipya, akapiga zote tano kwenye karatasi moja, ungeweza kuzifunika kwa sahani ya chai. Alipomaliza alijipapasa shavu. Lilikuwa kavu. Akatoa ubani mpya akatia mdomoni, akaanza kukusanya maganda ya risasi.

Jumatatu asubuhi Meya alinikuta ofisini. Upande wa uso wake ulikuwa umevimba kama mkate ulioumuka.

"Wendell," akasema, "ile Kanuni ya Sita. Tafuta kipengele."

"Nimetafuta toka jana, Mheshimiwa."

"Na?"

"Mtumishi yeyote, wa cheo chochote. Uliniambia nisiache mwanya."

"Wewe ndiye uliyeandika! Kifute!"

Nikamtazama. Kusema kweli nilikuwa na kifutio mezani. Kwa miaka kumi na tisa nimefuta vitu vingi kwa ajili ya mameya watatu, na mkono wangu ulikuwa tayari njiani. Halafu kidole kile kikaniuma. Nikauweka mkono juu ya meza.

"Imeshagongwa muhuri," nikasema.

Basi Dwight Ostrander akasimamishwa kazi siku thelathini, kwa kujijeruhi mwenyewe na kuchafua jina la mali ya umma. Barua ilisainiwa na Bi. Beverly Ott, ambaye hakuwa na la kufanya, na aliisaini kwa herufi ndogo sana.

Ni wajibu wangu kuripoti jinsi kijiji kilivyoathirika na pengo hilo la uongozi. Wiki ya kwanza taa ya njia panda, iliyokuwa inasubiri upembuzi yakinifu, ilitengenezwa na mtu mwenye ngazi. Wiki ya pili shimo la mbele ya posta lilizibwa. Wiki ya tatu kulungu aligongwa kwenye kona ya kanisa. Rhonda alifika, akapiga mara moja, akarudi nyumbani kula. Wiki ya nne nilijikuta sina kikao cha kuandika, nikaenda kumsaidia Mwalimu Opal kuvuna maboga.

Siku ya thelathini na moja Meya alirudi. Aliingia ukumbini na koti lake la kuwindia, kovu dogo shavuni, tabasamu likiwa tayari, akasimama katikati akingoja. Watu saba walikuwa kwenye foleni ya kulipia maji. Mmoja wao, mama aliyehamia kwetu wiki ile, alimtazama toka juu mpaka chini.

"Kaka," akamwambia, "sote tumesimama hapa. Foleni inaanzia kule nyuma."

Meya akanitazama kupitia dirisha langu. Nami nilikuwa na kalamu mkononi na mtu wa kuhudumia mbele yangu.

Nikamwonyesha nyuma kwa kidole.